Umeshatuma maombi ya udhamini wa ndoa Canada na uko Arusha au Moshi unasubiri: mwongozo kamili wa kufuatilia faili

Hii ni ya wale ambao mume au mke yuko Canada, maombi ya udhamini yameshatumwa, na wewe uko zako Njiro au Sakina au Pasua, kila jumapili baada ya ibada unaulizwa "vipi, bado tu?" Nitaongelea Canada peke yake, Marekani na Uingereza wana taratibu zao tofauti kabisa msije mkachanganya mafaili. Na msimamo wangu nausema mapema: kuchungulia traka (ukurasa wa mtandaoni unaoonyesha faili limefika wapi) asubuhi mchana jioni hakusogezi faili hata kidogo, wengi wanaokwama kwenye kusubiri wanakwamishwa na tarehe iliyoisha kimya kimya au barua iliyojibiwa kwa kuchelewa. Traka haitakuambia pasipoti yako inaisha mwezi wa tisa, hiyo unaijua wewe.

Jua faili liko hatua gani kwanza

Maombi yana watu wawili, mdhamini ambaye ni raia au mkazi wa kudumu wa Canada, na wewe mdhaminiwa. Vyote vinatumwa pamoja kwenye potali ya IRCC, ndo idara yao ya uhamiaji, ila vinasomwa kwa awamu. Awamu ya kwanza ni kuangalia tu kama vitu vimekamilika, fomu zote zipo, sahihi zipo, malipo yapo. Kikikosekana kitu wanaweza kukurudishia mzigo wote, na hapo ujue ulikuwa hujaingia hata kwenye foleni. Vikikamilika inakuja barua ya kuthibitisha kupokelewa, wadau wanaiita AOR, ina namba ya maombi ambayo kwa ndoa inaanza na herufi F, hiyo namba iandike mahali pa kudumu.

Baada ya AOR wanamwangalia mdhamini kama ana sifa. Umri miaka 18 kwenda juu, asiwe na mambo ya kumzuia kama deni la udhamini wa zamani au kosa fulani la jinai, na kama ni mkazi wa kudumu tu (siyo raia) lazima awe anaishi Canada muda wote huu, kwa hiyo shemeji mwenye kadi ya ukazi asije akajisahau Moshi miezi sita anakula ndizi akadhani hakuna shida. Raia anaruhusiwa hata kuwa nje mradi aonyeshe mtarudi kuishi kule pamoja. Kiwango cha chini cha kipato cha mdhamini kwa kawaida hakipo anapomdhamini mwenzi, watu wengi wanaogopa bure hapo. Kama mdhamini anaishi Quebec, kuna hatua ya ziada ya serikali ya mkoa huo na foleni yake ni nyingine, usijilinganishe na aliye Ontario au Alberta.

Akishapita mdhamini ndo zamu yako: alama za vidole, afya, historia, na swali kubwa la kama ndoa ni ya kweli. Kwa waombaji wa Tanzania mara nyingi ofisi ya viza ya Nairobi inahusika, lakini siku hizi mafaili ni ya kompyuta na wanayagawana, barua ikitoka ofisi nyingine usipanik.

Muda? Lengo lao la siku nyingi kwa mwenzi aliye nje ni miezi 12. Lengo sio ahadi. Kwenye tovuti yao kuna makadirio yanayobadilishwa mara kwa mara, tumia hayo, usitumie stori ya binamu wa jirani aliyeondoka mapema.

Hatua ya 1: siku AOR inapofika

Imeli. Naanza na imeli kwa sababu mtaani kwetu watu wengi fomu wanajaziwa steshenari, kijana wa steshenari anakufungulia akaunti ya imeli, nywila anaijua yeye, na mawasiliano yote ya IRCC yanakwenda huko. Kama uko hivyo leo hii rudi kwake ubadilishe nywila, weka namba yako ya simu, angalia na folda ya spamu. Barua halali kutoka IRCC zinatoka kwenye anwani zinazoishia na cic.gc.ca au canada.ca.

Halafu kaa na mwenzio kwa video mtengeneze daftari moja, hata la karatasi, lenye tarehe hizi: pasipoti inaisha lini, vipimo vya afya vilifanyika lini, cheti cha tabia njema kilitolewa lini, na barua ipi imedai nini mpaka tarehe gani. Mtu mmoja awe na jukumu la kufungua imeli kila siku mara moja, sio wote mkitegeana.

Malipo pia myahakiki. Kwa viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024 jumla ilikuwa dola 1,205 za Canada, yaani 85 za udhamini, 545 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukazi wa kudumu, kisha 85 za vidole. Huwa wanavirekebisha kila baada ya miaka miwili, hivyo angalieni cha siku yenu. Ile ya haki ya ukazi unaweza kuiacha ulipe baadaye, ila mi nashauri ilipwe mwanzoni, usipoilipa faili linafika mwisho kabisa linasimama kukusubiri wewe, na maombi yakikataliwa hiyo hela inarudishwa.

Hatua ya 2: traka, isome kisha iache

IRCC ina traka ya maombi ya familia ambayo wenzi walianza kuitumia Februari 2022. Mdhamini anafungua akaunti yake na wewe ya kwako, mnahitaji namba ya maombi, namba ya mteja inayoitwa UCI, na majina kama yalivyo kwenye fomu. Hapa ndo wabongo wengi wanakwama, maana sisi tuna majina matatu na pasipoti inayagawa jina la ukoo na majina mengine, kwenye fomu mtu kajaza vingine, mfumo unakataa. Jaribu ulivyojaza kwenye fomu, usijaribu unavyoitwa.

Ndani utaona vipengele kama vidole, afya, sifa na uchunguzi wa historia, kila kimoja kikiwa hakijaanza, kinaendelea, au kimekamilika. Vitu vitatu vya kujua. Vipengele havifuatani, afya inaweza kukamilika wakati sifa haijaguswa. Pili, tarehe ya "imesasishwa" inaweza kubadilika bila wewe kuona kitu chochote kipya, kuna mtu kafungua faili au mfumo umejigusa, haimaanishi viza imetoka. Tatu, traka huchelewa, barua inaweza kuwa kwenye imeli siku kadhaa traka bado iko vile vile. Kwa hiyo imeli ndo bosi.

Kuhusu masaa: Toronto na Ottawa wako nyuma yetu saa 7 wakati wao wako kwenye masaa ya kiangazi na saa 8 wakati wa baridi. Ofisi zao zikifunguliwa asubuhi huku ni saa kumi au kumi na moja jioni, so usikeshe kusubiri wala usiamke saa tisa usiku kuchungulia, angalia asubuhi ukinywa chai, kila walichofanya jana kitakuwa kipo.

Hatua ya 3: vidole, na kwa nini Nairobi inaweza kuwa karibu kuliko Dar

Barua ya vidole ikifika una siku 30. Kituo cha maombi ya viza ya Canada kipo Dar es Salaam, na watu wengi wa Arusha na Moshi wanapanda basi la alfajiri wakijua hakuna njia nyingine. Ila sheria yao inaruhusu utoe vidole kituo chochote rasmi katika nchi yoyote unayoruhusiwa kuingia, na mtanzania Kenya haitaji viza. Kwa mtu wa Arusha, Nairobi kupitia Namanga ni kama kilomita 270 hivi, Dar ni zaidi ya 600. Shato (basi dogo la abiria) asubuhi, unalala Nairobi, kesho yake asubuhi uko kituoni, jioni uko nyumbani. Mtu wa Moshi hesabu zake zinakaribiana zaidi, angalia una ndugu wa kulala kwake wapi.

Ukienda Nairobi beba pasipoti yenyewe, hati ya dharura ya kusafiria itakuvusha Namanga lakini vidole unatoa kwa pasipoti uliyoombea. Beba na kadi ya njano ya homa ya manjano usije ukasumbuliwa ukirudi. Weka miadi mtandaoni kwanza, chapisha barua ya vidole, usiende na picha ya barua kwenye simu ukategemea bando. Kama vidole vyako vimechakaa kwa kazi, mafundi seremala, wafinyanzi, akina mama wa shambani, paka losheni siku kadhaa kabla, mashine inasoma vizuri zaidi.

Ukiona siku 30 hazitoshi, andika kwao kabla hazijaisha ukieleza sababu na uambatanishe uthibitisho wa miadi. Kukaa kimya ndo kosa.

Hatua ya 4: vipimo vya afya

Vipimo vinafanywa na daktari aliye kwenye orodha ya IRCC tu. Unaweza kuwa unatibiwa hospitali nzuri kuliko zote kanda ya kaskazini, kama daktari hayumo kwenye orodha majibu yake hayatambuliki, kwa sababu mwenye orodha ndiye anayeyatuma moja kwa moja kwenye mfumo wao. Orodha ipo kwenye tovuti yao kwa kila nchi, na hapa pia unaruhusiwa kumchagua wa nchi nyingine, kwa hiyo safari ya Nairobi au Dar ipangwe vidole na vipimo pamoja kama barua zote mbili zimeshafika.

Majibu yanadumu miezi 12. Hii tarehe ndo naisisitiza kuliko zote, maana faili likichelewa yakaisha unaweza kudaiwa upime upya, na viza yako ya mwisho huwa haivuki mwisho wa vipimo au wa pasipoti. Ndo maana sipendi kuona mtu anakimbilia kupima kabla hajaambiwa. Subiri maelekezo. Kama uliwahi kuugua TB sema ukweli na beba makaratasi ya matibabu, kovu kwenye eksirei litaonekana tu, na TB iliyopona haikufungii mlango, inakuongezea muda wa makohozi kupelekwa maabara.

Hatua ya 5: cheti cha tabia njema

Polisi ndo wanatoa. Kwa nchi unayoishi sasa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kutuma maombi. Kwa nchi nyingine uliyowahi kukaa miezi 6 au zaidi mfululizo tangu ukiwa na miaka 18, kitolewe baada ya kuondoka kule. Waliosoma Uganda au kufanya kazi Dubai hapo mnaelewa. Faili likikaa sana wanaweza kuomba kipya, usikasirike, kaombe kingine.

Hatua ya 6: ndoa yenyewe, wakati bado unasubiri

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapoamua mambo.

Cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi, na nyingi za kiislamu zinaandikwa hiyo ya pili hata kama mzee hana wazo la kuongeza. Canada haitambui mitala. Sheria yetu hiyo hiyo inawaruhusu wanandoa kubadili aina ya ndoa kwa tamko la hiari la wote wawili mbele ya hakimu au jaji, kwa hiyo kama cheti chako kiko hivyo ongea na wakili wa hapa mapema, usingoje ofisa aulize. Lingine, nikahi ya kwenye simu. Tangu Juni 2015 Canada haitambui ndoa ambayo mmoja hakuwepo mwenyewe kwa mwili wake, iwe kwa kuwakilishwa na mtu mwingine, kwa simu au kwa video. Mashekhe wanaweza kuwa wameikubali na familia imekula pilau, kwa Canada bado hamjaoana.

Ushahidi. Watu wanatuma picha mia za selfi. Ofisa anataka kuona jamii inawajua. Kwetu tunao ushahidi ambao tunautupa: kadi za mchango zenye majina yenu, orodha ya kamati, picha za sendofu na wazee wa pande zote mbili, picha za siku ya kupeleka mahari na mbege ikiwa mezani, mihuri ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kila mwenzio alipokuja, miamala ya M-Pesa na benki, tiketi za Krismasi mlipopanda wote uchagani. Andika nyuma ya kila picha nani ni nani na mwaka gani, shangazi yako ofisa hamjui. Kilichoandikwa kwa kiswahili kitafsiriwe kwa kiingereza au kifaransa na mtafsiri anayeweza kuthibitisha kazi yake, BAKITA wanafanya hiyo huduma, ukijitafsiria mwenyewe au akafanya dada yako hawapokei.

Ukiwa unasubiri endelea kuhifadhi vipya, rekodi za simu, ziara mpya, hela mlizotumiana. Usiwatumie kila wiki. Tunza kwenye folda, wakiomba nyongeza au wakikuita kwenye usaili unazo tayari.

Na watoto. Hii nasema kwa herufi nzito moyoni: kila mtoto anatajwa, hata wa nje ya ndoa, hata anayelelewa na bibi Marangu, hata ambaye hana mpango wa kwenda. Mtoto ambaye hukumtaja na hakupimwa, kanuni za Canada zinaweza kukuzuia usimdhamini baadaye, na kujitetea kwamba mume alikuwa hajui hakusaidii. Ukijifungua wakati faili liko njiani waambie kabla hujasafiri. Kama baba ni raia wa Canada kwa kuzaliwa kule au kwa kuandikishwa mtoto kwa kawaida ni raia tayari, anaombewa cheti cha uraia, kama baba ni mkazi wa kudumu tu mtoto anaongezwa kwenye faili.

Hatua ya 7: kitu kikibadilika

Pasipoti mpya, namba ya simu, umehama Kijenge umeenda Ngaramtoni, kazi mpya, mtoto, yote yanaripotiwa kupitia fomu ya mtandaoni ya IRCC, ukiweka namba ya maombi na skani ya kitu husika. Kina dada, sina shida na kutumia jina la mume ila ukibadilisha pasipoti katikati ya safari unajiongezea kazi, subiri. Kama pasipoti inakaribia kuisha ndo tofauti, nenda uhamiaji ombi lifanyike mapema, ya kielektroniki ya kawaida ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10.

Hatua ya 8: kimya kimezidi

Hapa kuna ngazi, panda moja moja. Kwanza hakikisha umevuka muda uliotangazwa kwenye tovuti, kabla ya hapo jibu ni lile lile. Ukivuka, tuma swali moja fupi kwa fomu yao ya mtandaoni, sio kumi, kila swali linajibiwa na mtu na haliongezi kasi. Mdhamini anaweza kupiga simu kituo chao cha huduma, kinapatikana kwa aliye ndani ya Canada tu.

Ngazi inayofuata ndo ninayoipenda, kuomba maandishi ya ndani ya faili, yanaitwa noti za GCMS. Mdhamini anaomba kwa sheria ya upatikanaji wa taarifa kwa dola 5, wewe unasaini fomu ya ridhaa IMM 5744. Kisheria wana siku 30, wakati mwingine wanajiongezea. Humo ndo unaona ofisa aliandika nini, kama faili liko uchunguzi wa usalama, kama kuna karatasi haijafunguka. Tangu Julai 2022 hata aliye nje ya Canada anaweza kuomba taarifa zake binafsi kwa sheria ya faragha bila kulipa.

Zikishindikana, mdhamini aende ofisi ya mbunge wa jimbo analoishi, kule ni kazi ya kawaida ya ofisi za wabunge kuuliza mafaili ya uhamiaji, haihitaji kujuana. Mwisho kabisa ni mwanasheria na mahakama ya shirikisho, hiyo ni ya waliocheleweshwa kupita kiasi.

Vishoka sasa. Mtu anayesema ana "mtu wake Nairobi" wa kusukuma faili kwa laki tano za M-Pesa, hana mtu. Wanaoruhusiwa kulipwa kukuwakilisha ni mawakili wa Canada na washauri waliosajiliwa na chuo chao cha washauri (ndo chombo kinachowasimamia, siyo shule) kilichoanza kazi 2021, majina yao unayatafuta mwenyewe mtandaoni ukayaona.

Hatua ya 9: kwenda kumwona wakati unasubiri

Unaweza kuomba viza ya kutembea. Sheria yao inakubali kwamba mtu anaweza kutaka kuhamia na bado akawa mgeni wa kweli kwa sasa, na tangu 2023 walisema wanazipa kipaumbele viza za wenzi wenye maombi ya udhamini. Ieleze kwenye barua kwamba una faili, weka namba yake, kamwe usifiche.

Hatua ya 10: barua mbaya na barua nzuri

Barua ya kukueleza wasiwasi wao sio kukataliwa, ni nafasi ya kujibu, ina tarehe ya mwisho, na hiyo usijibu peke yako usiku kwa hasira, lipia mwanasheria hata kama ulijaza fomu zote mwenyewe. Mkikataliwa kabisa, mdhamini ana siku 30 tangu apokee uamuzi kukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji.

Barua nzuri ni ya kuomba pasipoti. Fuata maelekezo yake neno kwa neno, wapi pa kuipeleka na picha za saizi gani. Inarudi na viza pamoja na hati ya uthibitisho wa ukazi, soma kila herufi ya jina na tarehe ya kuzaliwa, ukiona kosa andika kabla ya kukata tiketi. Usiisaini, inasainiwa mbele ya ofisa ukitua. Kutoka KIA hakuna ndege ya moja kwa moja, wengi wanapita Addis Ababa au Amsterdam, hati iwe kwenye begi la mkononi.

Ukifika, ahadi ya mdhamini kukutunza inaanza kuhesabika, ni miaka 3 kwa mwenzi nje ya Quebec. Anwani ya Canada wape ndani ya siku 180 ili kadi ya ukazi wa kudumu itumwe, ya kwanza hailipiwi kama umewahi, na haitumwi nje ya Canada, kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi kusalimia Moshi kabla haijafika mkononi.